Gurudumu Lililooshwa

Likwata bin Ahmadi alitaka kuoa mjane, na marehemu alikuwa hajaridhia.

Si kwamba alipelekewa habari akakataa. Lililokuwapo lilikuwa baya kuliko hilo. Marehemu alikuwa akilia kila siku ya kazi, tangu asubuhi hadi jua lipoe, na alikuwa akilia chini ya mikono ya Likwata mwenyewe, kwa sauti ambayo mjane aliisikia vizuri kule chini kwenye jiko lake la vitumbua. Sasa mwanamume gani anaweza kupeleka maneno matamu kwa mwanamke huku mume wa mwanamke huyo anapiga ukelele mlimani?

Shamba lenyewe lilikuwa la mkonge, juu ya mlima upande wa Mchinga, na gati lake lilikuwa chini ufukweni. Ilikuwa miaka ya vita vya Hitla. Mjapani alikuwa amezikamata nchi za mashariki zilizokuwa zikitoa kamba za meli, basi Mwingereza akaukumbuka mkonge wa Tanganyika kama mtu anavyomkumbuka shangazi mwenye ghala siku ya njaa. Marobota ya katani yakawa yanateremshwa mlimani kwa toroli, juu ya reli, kuliendea tishari, chombo kipana cha mizigo, lililofungwa gatini.

Hapakuwa na injini ya kuyateremsha. Kileleni kulikuwa na banda, na ndani ya banda gurudumu la chuma lililomzidi mtu kimo, limezungushiwa kamba nene ya waya. Ncha moja ya waya ilifungwa kwenye toroli iliyojaa inayoshuka, ncha ya pili kwenye toroli tupu inayopanda. Uzito wa ile uliivuta hii. Kazi ya binadamu ilikuwa moja tu, kuzuia. Pembeni mwa gurudumu palikuwa na mkono mrefu wa breki. Ukiulalia, vipande viwili vya mti vinalibana gurudumu kushoto na kulia, na toroli inashuka kwa adabu. Ukiuachia, adabu imekwisha.

Aliyeushika mkono ule kabla ya Likwata alikuwa Dadi Mfaume, mtu wa Kiranjeranje, mume wa Mwahija. Dadi alijaliwa koo. Kila alipomaliza kazi alisimama mlangoni mwa banda akapiga mwito mmoja mrefu, hauna maneno ndani yake, unaanzia tumboni na kuishia puani, na Mwahija kule chini akajua mume anashuka, akateleka sufuria.

Siku moja ncha ya msuli aliojifunga kiunoni ilinaswa na waya. Waya ukaupeleka msuli kwenye gurudumu, na msuli ukampeleka Dadi. Walipofanikiwa kulisimamisha, hapakuwa tena na sababu ya kuharakisha.

Mwili ulitolewa katika hali isiyosimuliwa mbele ya watu wanaokula. Mwahija alikuwa amekwisha kupasha maji ya kumwoshea, ameyatia karafumaiti, amekaa nayo. Shehe Abdulrahmani akaingia, akafunua shuka, akaifunika upesi. Akasema mwili huu haustahimili maji. Akapiga viganja vyake juu ya vumbi safi, akampaka marehemu usoni na mikononi, kama sheria inavyoruhusu maji yanaposhindikana. Hakuna aliyebisha; sheria ni sheria, na shehe alikuwa mtu wa haki. Lakini maji yakabaki sufuriani yakapoa, na Dadi akazikwa mkavu.

Msibani palikuwa na watani. Watu wa kwao Likwata, Wamwera wa bara, na watu wa kwao Dadi walikuwa wakitaniana tangu mababu, na mtani msibani ana kazi yake: kuwachekesha wafiwa hata kama hawataki. Likwata aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Jeneza lilipotoka akajilaza mbele yake njiani, akafunga mikono kifuani.

"We Dadi mvivu, umekimbia kazi!" akasema. "Simpishi mtu hapa! Kazi umeniachia, basi na mke niachie!"

Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Hata ndani ya nyumba, kwenye kilio cha wanawake, kikasikika kicheko kimoja kilichokatika katikati, nacho kilikuwa cha Mwahija. Likwata akapewa bakshishi yake ya utani, akaamka, akajipangusa vumbi, akasaidia kubeba.

Kesho yake mnyapara Tawakali alimwita. "Likwata, wewe si ulidai kazi ya Dadi? Panda bandani."

Alipanda akicheka. Toroli ya kwanza ikafungwa, akaulalia mkono wa breki, na gurudumu likalia. Mwito ule ule wa Dadi ukaanzia tumboni. Ukaishia puani. Watu waliokuwa wakipakia marobota waliweka mizigo chini, na Likwata akahisi nywele za mikono yake zinasimama moja moja kama zinahesabiwa.

Tangu siku hiyo halikunyamaza. Waliokuwa gatini wakazoea kwa jinsi binadamu anavyozoea chochote. Wakaufanya ukelele ule alama yao. Ukisikia marehemu analia, toroli iko njiani, toka relini. Mwahija alikaa eda yake ndani akiusikia, akatoka eda akarudi jikoni kwake akiusikia.

Na Likwata akawa anashuka kununua vitumbua. Mwanzo alikwenda kwa njaa. Baadaye akawa anakwenda ameshiba.

"Dada Mwahija, vitumbua vya leo vimeungua."

"Vimeungua, na sahani umeilamba."

"Nilikuwa natafuta kisichoungua."

"Liulize tumbo lako, labda kimejificha humo."

Hivyo hivyo, siku hadi siku, mpaka ule utani wa njiani mbele ya jeneza ukaanza kumkaa Likwata kooni kama mwiba wa samaki. Aliyoyasema kwa kuchekesha watu, sasa aliyataka kweli. Na kuna kitu hakukimwambia mtu: kila alipoulalia mkono wa breki alijiuliza kama Dadi, ndani ya jeneza, aliuelewa utani kuwa ni utani.

Siku moja fundi Andrea alikuwa bandani akijaribu mbao za breki, na Likwata akapata nafasi ya kushuka saa za kazi. Akachuchumaa karibu na jiko.

"Mwahija, yale maneno yangu ya msibani..."

"Yapi? Ulisema mengi. Ulisema marehemu ana miguu kama ya korongo."

"Yale ya kuachiwa."

Mwahija akaacha kugeuza vitumbua. Alikuwa mwanamke mnene wa mashavu, mwepesi wa jibu, lakini safari hii jibu halikuja. Lililokuja lilitoka mlimani. Ukelele ulishuka na reli, mrefu, mkavu, ukapita juu ya vichwa vyao ukaingia baharini.

"Umesikia?" Mwahija akasema. "Mimi sikukatai, Likwata. Wewe mwenyewe umeona sikukatai. Lakini nitalalaje ubavuni mwa mwanamume huku mwanamume mwingine ananiita? Siku atakayonyamaza, leta wazee wako. Asiponyamaza, usinirudie tena na habari hii, utaniumiza bure."

Likwata akapanda mlima akiwa na mashaka mengi na kitumbua kimoja.

Andrea alimkuta mlangoni mwa banda kwenye mawazo hayo. Alikuwa kijana wa upande wa Masasi, amesomeshwa ufundi misheni, na kama kuna kitu alichokipenda kuliko spana, ni kueleza. Likwata akamuuliza moja kwa moja kwa nini gurudumu linalia.

"Msuguano," Andrea akasema, uso umemng'aa kwa furaha ya kuulizwa. "Njoo nikuonyeshe. Pitisha kiganja hapa. Unaona chuma ni laini?"

"Laini kama shavu la bwana harusi."

"Uongo. Ungekuwa mdogo kama chawa ungeona ni milima na mabonde. Na mti hivyo hivyo. Unapobana breki, vilima vya mti vinaingia kwenye mabonde ya chuma, kila mmoja anamnyima mwenzake njia. Ndipo toroli inapozuilika. Pasingekuwa na kunyimana huko, hata wewe usingesimama hapo ulipo, ungeteleza mpaka Mchinga."

"Na kulia?"

"Mti unashika, unaachia, unashika, unaachia, upesi kuliko jicho. Kule kushika na kuachia ndiko kunakotetemesha chuma. Kikavu juu ya kikavu, lazima kilie."

"Na waya je? Nao unalia?"

"Waya una mkazo. Unavutwa huku na kule, siku zote. Chuma kikivutwa na kuachiwa miaka na miaka kinachoka. Kinachoka kabisa, kama mtu, na hakisemi, mpaka siku kinakatika."

"Afadhali chuma. Wewe huchoki, na unasema."

Andrea akacheka. Likwata hakucheka. Akakaa juu ya robota, akamtazama.

"Andrea, gurudumu ni lile lile. Mbona wakati wa uhai wa Dadi halikulia?"

Andrea akachukua tambara akaanza kufuta spana ambayo haikuwa chafu. "Nilibadilisha mbao. Zile za zamani zilikuwa mninga. Hizi ni mkarati, mgumu zaidi. Mti mwingine, sauti nyingine."

"Ulibadilisha lini?"

"Siku ile ile aliyokufa."

"Kwa nini? Zilikuwa zimelika?"

"Hazikuwa zimelika," Andrea akasema polepole. "Zilikuwa zimeloa. Nilizichoma moto nyuma ya banda." Halafu akaondoka, naye hakuwa mtu wa kuondoka katikati ya maelezo. Likwata akakumbuka kwamba fundi huyu, akiwa peke yake bandani, huimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa kuliko kazi inavyohitaji.

Jioni Likwata akampelekea Mwahija elimu hiyo yote, akidhani itamtuliza. Akaeleza vilima na mabonde, akaeleza kushika na kuachia, akakunjua viganja akavisugua mbele ya uso wake. Mwahija alisikiliza kwa makini sana. Alipofika kwenye kikavu juu ya kikavu, akamkamata mkono.

"Rudia hapo."

"Kikavu juu ya kikavu, lazima kilie."

"Fundi ndiye aliyesema?"

"Ndiye."

Mwahija akaachia mkono, akajifunika kanga mpaka machoni. "Basi amesema kweli yote, hata asiyoijua. Dadi anataka maji yake. Likwata, mimi nilikaa na maji yale mpaka yakapoa, nikayamwaga jikoni kama maji ya kuoshea mchele. Mwili haukustahimili, sawa, shehe hakukosea. Lakini gurudumu linastahimili. Alichoacha Dadi duniani kiko mle ndani ya gurudumu. Nifungulie banda nikamwoshe."

Kama ungekuwa Likwata ungemwambia nini? Alijua breki haitaki maji. Alijua pia maji hukauka. Akapiga hesabu ya mtu anayependa: Jumapili hakuna kazi, Andrea atakuwa ibadani, jua la Jumapili mchana lingekausha hata kisima. Akakubali.

Wakapanda mlima jua likiwa juu ya vichwa vyao, Mwahija na sufuria kichwani, Likwata nyuma yake akitazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Banda lilikuwa joto na lilinuka katani. Mwahija aliposimama mbele ya gurudumu, alitoa salamu ya chini kwa chini, akavua viatu.

Aliliosha kama maiti anavyooshwa. Alianza upande wa kulia, kwa tambara jeupe, maji ya karafumaiti, taratibu, bila kurusha tone. Likwata alilizungusha kidogo kidogo ili afike kila mahali. Akaosha na mbao za breki, huku na huku. Aliongea na Dadi wakati wote. Alimwambia nyumba inavuja pale pale alipoahidi kuziba. Alimwambia mbuzi amezaa. Alimwambia kuhusu Likwata, na Likwata akageukia ukutani kama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha hodi.

Yangeishia hapo, mambo yasingeharibika. Lakini Mwahija akatoa chupa kwenye upindo wa kanga.

"Hiyo nini?"

"Mafuta ya nazi. Niliyapika mwenyewe. Alikuwa hatoki nje bila kupaka."

"Mwahija, mafuta hapana. Maji sawa. Mafuta kwenye breki..."

Alikwisha yamimina kiganjani. Aliyapaka gurudumu kwa mikono miwili, akapaka na mbao, akizisugua kama kichwa cha mtu, analia na kucheka pamoja, na Likwata akarudisha mkono wake nyuma. Alingoja mpaka alipomaliza. Alipomsindikiza na kurudi, akachukua magunia makavu akalifuta gurudumu mpaka jasho likamtoka, mpaka kidole kikipita juu ya chuma kinakwama. Akaziangalia mbao, juu zilikuwa kavu. Akaona kazi imekwisha. Chuma humwonyesha mtu kilicho juu yake. Mti hunywa, ukanyamaza.

Jumatatu asubuhi kipande cha reli kilichoning'inizwa gatini kiligongwa, alama kwamba chini wako tayari. Toroli ya kwanza ilikuwa na marobota machache. Likwata akasema bismillahi, akaulalia mkono.

Kimya.

Gurudumu lilizunguka, waya ukasogea, toroli ikashuka, na hapakusikika kitu ila nzi. Mkono wa breki ulikuwa laini kidogo, kama kumshika mtu anayekubali upesi mno, lakini toroli ilifika chini salama. Kule gatini watu walisimama wakatazamana. Mwahija alikaa chini kwenye mchanga, kijiko mkononi.

Andrea akatia kichwa mlangoni. "Mbona kimya?"

"Limechoka kulia."

"Kuna harufu ya nazi humu."

"Nilikula wali."

"Wali gani wenye karafumaiti?" Andrea akasema, akaingia.

Lakini toroli ya pili ilikuwa imekwisha sukumwa, imejaa mpaka juu, Mwingereza ana haraka na vita vyake. Ilipopita ukingo wa mlima uzito ukaja wote. Likwata akalala juu ya mkono wa breki, na mkono ukaenda chini mpaka mwisho, na gurudumu likaendelea kuzunguka kama halimjui. Mbao zilibana. Zilibana kweli. Joto lilipozipata, mafuta yaliyojificha ndani yakatoka usoni, na chuma kikapita juu yake kama samaki mkononi.

"Vuta!" Andrea akapiga kelele, akajitupa naye juu ya mkono. Wawili wakaning'inia pale kama nguo. Moshi ukatoka. Likwata hatausahau moshi ule: haukunuka chuma, ulinuka kichwa cha mtu aliyetoka kuoga, nazi na karafumaiti, ukalijaza banda lote, na ndani ya moshi ule gurudumu liliongeza mbio bila kutoa hata mnong'ono.

Chini kulikuwa na wabebaji waliokatiza reli na mizigo kichwani. Kulikuwa na jiko la Mwahija, hatua chache tu kutoka reli inapoishia. Injini ya tishari ilikuwa ikinguruma, hakuna ambaye angesikia magurudumu ya toroli. Watu wale walikuwa na masikio ya kitu kimoja tu, na kitu hicho Likwata na Mwahija walikwisha kukinyamazisha.

"Tokeni!" Likwata alitaka kusema. Koo lilikuwa limekauka, hapakutoka kitu.

Toroli tupu ilifika juu kwa kasi, ikaruka reli, ikavunja ukuta wa banda na kulala ubavu. Ile iliyojaa ikafika chini. Likwata alisikia kishindo, halafu mpasuko wa mbao, halafu maji. Akatoka mbio, akaanguka, akaamka, akateremka mlima akiwa haoni njia.

Alimkuta Mwahija amesimama juu ya mwamba, kanga imemwanguka mabegani, mzima. Wabebaji walikuwa wazima. Mnyapara Tawakali alikuwa mzima, amevua kofia. Jiko halikuwapo, sufuria ya mafuta ilikuwa imekunjwa kama jani. Marobota yalielea baharini kama viboko.

"Mungu ametuhurumia," Tawakali akasema. "Na ile breki yenu. Bila ule ukelele tungekuwa nyama."

"Ukelele gani?"

"Ule! Ila leo haukuwa mrefu. Ulikuwa mfupi, wa ghafla, kama mtu anavyomwita mtu anayetaka kukanyaga nyoka. Kila mtu aliruka."

Likwata akamtazama Mwahija. Mwahija akaitikia kwa kichwa.

Juu, Andrea alikuwa amekaa kizingitini na mbao za breki mapajani. Likwata akamwambia yaliyosemwa chini.

"Ni wewe uliyepiga kelele," Andrea akasema.

"Mimi sikuwa na mate. Labda wewe."

"Mimi nilikuwa nasali, tena kimoyomoyo." Akazinusa mbao, kisha akamtazama Likwata. "Gurudumu halikulia, Likwata. Mimi sikio langu lilikuwa hapa, juu ya chuma. Halikulia."

"Najua."

Andrea hakuuliza nani alipaka mafuta. Bwana Meneja wa shamba alipokuja amepandwa na hasira, alimwambia mbao zimeungua kwa joto na mzigo kuzidi, nayo ilikuwa kweli kadiri ilivyofika. Kisha akazichoma nyuma ya banda, pale pale alipozichoma za kwanza, akachonga nyingine za mvule. Alifanya kazi mlango ukiwa wazi.

Kwa mbao mpya gurudumu likalia tena, lakini kilio cha kawaida, kifupi, cha kukwaruza, kama mlango wa ghala. Watu wa gatini wakajifunza kukikimbia hicho. Mwahija akapata jiko jingine, akakaa, akasikiliza. Alisikiliza siku nyingi, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama mtu anayengoja aitwe. Halafu asubuhi moja akalia, kilio cha msiba kabisa, katikati ya vitumbua, wateja wakamwacha. Alikuwa amefiwa upya. Aliyekuwa akimwita hakuwa akimwita tena.

Alipokwisha kulia, na kuomboleza kwake kumetulia, alimwita Likwata.

"Amenyamaza," akasema. "Nilikuahidi. Leta wazee."

Hili ndilo Likwata alilolitaka kuliko kitu chochote. Alikuwa ameliomba kwenye sala. Angesema alhamdulillahi akaondoka, hakuna ambaye angejua. Alichora mchanga kwa kidole.

"Mwahija. Huku chini amenyamaza. Kule juu bado."

Mwahija hakushtuka. "Analia?"

"Halii. Si kwenye breki tena. Ni kwenye waya. Toroli ikishafungwa, kabla sijaachia, waya unapopokea uzito, kuna sauti. Ndogo. Kama mtu anayevuta pumzi kabla hajaanza kusema. Andrea anasema ni mkazo, kwamba waya ukivutwa sana unaimba kama uzi wa zeze." Akafuta alichokichora. "Lakini Andrea akisema hivyo husimama nje ya mlango."

"Na wewe unaogopa?"

"Naogopa. Nilimdai mke mbele ya watu, na yeye amelazwa hawezi kujibu. Sasa kila asubuhi naona kama anataka kujibu. Nikikuoa bila kukwambia nitakuwa nimekuiba."

Mwahija akamtazama, na polepole yale mashavu yakajaa kicheko alichokuwa hajakitumia tangu msiba.

"Sikiliza, mtani. Mimi nimeishi na Dadi miaka mingi, na alikuwa akikoroma hata ukuta unatoa chokaa. Nilimvumilia. Wewe kuvuta pumzi tu kunakushinda?"

"Si pumzi, ni kile kitakachofuata."

"Chochote atakachosema kitakuwa chenu wawili, watu wa juu. Mimi aliniita mara ya mwisho nikatoka relini, nikapona. Mtu asiyetaka niishi asingeniita." Akatia mafuta kwenye sufuria mpya. "Leta wazee wako. Lakini yale mafuta yangu ya nazi nitakupaka wewe kichwani, na ukipanda kazini ujifunge kitambaa."

Wazee walikwenda, mambo yakaisha vizuri, na harusi ikafanyika kwa wali na mbuzi yule yule aliyezaa. Andrea alikuja amevaa tai, akamweleza shehe mambo ya vilima na mabonde mpaka shehe akaomba ruhusa ya kwenda kuswali.

Baada ya harusi Likwata akarudi kazini. Toroli ya kwanza ikafungwa. Waya ukapokea uzito, ukanyooka, na ndani yake ile pumzi ikapanda, taratibu, ikajaa. Kule chini kipande cha reli kiligongwa, kikagongwa tena, Tawakali akatukana. Likwata hakuachia. Alisimama mikono imetulia juu ya breki, kichwa chenye kitambaa kimeinama kidogo, kama mtu anavyosimama mbele ya aliyemtangulia, akamngoja amalize.